Jumla za Riemann na Jiometri: Mfano wa Mkato wa Mto

Aghalabu mwanafunzi wa hisabati hufundishwa kanuni za kukokotoa intigrali yenye mipaka kabla ya kuelezwa maana yake. Jibu hulipata, lakini akiulizwa jibu hilo ni kipimo cha nini, husita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maana hiyo yaweza kuelezwa kwa Kiswahili, kwa kuanzia na jambo ambalo mkazi wa Lukafu, katika Haut-Katanga, analifahamu: mto.

Lukafu iko katika bonde la Lufira, magharibi ya nyanda za juu za Kundelungu. Mto Lufira ulizuiliwa huko Mwadingusha ili kuzalisha umeme wa migodi, na kituo hicho kilianza kazi mwaka 1930. Mhandisi wa bwawa sharti ajue ni maji kiasi gani yanapita kwa kila sekunde. Kiasi hicho hupatikana kwa kuzidisha eneo la mkato wa mto kwa kasi ya wastani ya maji. Swali ni hili: eneo la umbo ambalo upande wake wa chini umepinda hupatikanaje?

Tuchukulie kijito cha kubuni chenye upana wa mita 8, ambacho kina chake, kwenye umbali wa mita x kutoka ukingoni, ni x(8 − x)/8. Katikati kina ni mita 2. Tukiugawa upana katika vipande 4 vya mita 2, na kupima kina katikati ya kila kipande, tunapata mita 0.875, 1.875, 1.875 na 0.875. Kila kipande tukikichukua kuwa mstatili, jumla ya maeneo ni mita za mraba 11. Vipande 8 vya mita 1 vinatoa 10.75. Kadiri vipande vinavyozidi kuwa vyembamba, ndivyo jumla inavyokaribia kikomo kimoja, 32/3, yaani takriban 10.67. Jumla hizo huitwa jumla za Riemann, na kikomo chake ndicho intigrali kutoka 0 hadi 8.

Jiometri yathibitisha jibu hilo. Archimedes alionyesha kwamba eneo la kipande cha parabola ni theluthi nne za eneo la pembetatu yenye kitako na kimo kilekile. Pembetatu yetu ina kitako cha mita 8 na kimo cha mita 2, hivyo eneo lake ni 8. Theluthi nne za 8 ni 32/3.

Hata hivyo, intigrali na eneo si kitu kimoja. Tukiuhesabu uso wa maji kuwa sifuri na kuandika kina kwa namba hasi, intigrali itakuwa −32/3, ilhali eneo la mkato halikubadilika. Intigrali ni jumla, nayo huzingatia alama za namba zinazojumlishwa.

Alama ∫ yenyewe yatukumbusha hivyo: Leibniz aliianzisha mwaka 1675 kutokana na herufi ya kwanza ya neno la Kilatini lenye maana ya jumla, naye Riemann akatoa fasili yake mwaka 1854. Mwalimu anayefundisha kwa Kifaransa huko Katanga hapotezi kitu akisimama kidogo na kueleza kwa Kiswahili: kata vipande, pima, zidisha, jumlisha, kisha punguza upana wa vipande. Kanuni zifuate baadaye.