Kuwafundisha Wanafunzi wa Chuo Kuzisoma Hati za Asili: Mfano wa Historia ya Marekani ya Karne ya Kumi na Tisa

Mwanafunzi aingiaye chuo kikuu aghalabu huja na fikira kwamba historia ni jambo lililokwisha kuandikwa, na kwamba kazi yake ni kukumbuka miaka na majina na kuyarudisha katika karatasi ya mtihani. Fikira hiyo haiondoki kwa kukanushwa darasani. Huondoka siku ile apewapo hati yenyewe, iliyoandikwa na mtu wa zama zile kwa haja zake mwenyewe, akatakiwa aseme inathibitisha nini na inaficha nini. Hati za namna hiyo huitwa hati za asili, nazo ni barua, madaftari ya hesabu, hukumu za mahakama, magazeti, orodha za serikali, na masimulizi ya walioyaona mambo kwa macho yao.

Historia ya Marekani ya karne ya kumi na tisa ni uwanja mzuri wa mafunzo hayo. Hati zake ni nyingi na zimehifadhiwa. Tena jambo kubwa lililoigawa nchi ile, yaani utumwa, limeandikwa na pande mbili zisizolingana kwa nguvu. Bwana aliandika sana. Mtumwa, katika majimbo kadhaa ya kusini, alikatazwa kwa sheria hata kufundishwa kusoma. Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi mwanafunzi asiyejua kuipima hati atamsikia bwana peke yake, naye atadhani ameisikia historia nzima.

Orodha Isiyo na Majina

Mafunzo yaweza kuanzia kwenye hesabu ya watu, ambayo Marekani huifanya kila miaka kumi tangu mwaka wa 1790. Katika hesabu ya mwaka wa 1850, na tena ya 1860, watumwa waliandikwa katika orodha yao mbali. Kila ukurasa una jina la bwana, kisha mstari kwa mstari umri wa mtumwa, jinsi yake na rangi yake. Pana na safu ya waliotoroka na safu ya walioachwa huru. Jina la mtumwa halimo, ila mahali pachache sana. Mwaka wa 1860 watu 3,953,760 walihesabiwa katika hali ya utumwa.

Mwalimu humpa mwanafunzi ukurasa mmoja tu, akamwuliza maswali matatu: Nani ameandika? Ameandika kwa ajili ya nani? Naye alipata wapi khabari hizi? Majibu yake hufungua mengi. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali, na aghalabu aliyemjibu alikuwa bwana au mtu wa nyumba yake; kwa hiyo umri mwingi ni wa kukisia. Serikali nayo ilikuwa na haja na idadi, kwa kuwa Katiba iliwahesabu watumwa watano kuwa sawa na watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Kwa haja hiyo jina halikuwa na faida. Ukimya wa ukurasa ule, basi, ni khabari yenyewe: humwonyesha mwanafunzi jinsi sheria ilivyomtazama mtu.

Ni katika hesabu ya mwaka wa 1870 tu ndipo wale waliokuwa watumwa walipoandikwa wote kwa majina. Mtu atafutaye ukoo hufika mwaka ule akakuta mlango umefungwa. Ndipo ajifunzapo kupita penginepo: katika wasia na hati za mauzo, ambamo watumwa hutajwa pamoja na ng'ombe na vyombo vya nyumbani; katika karatasi za idara iliyowekwa kuwasaidia walioachwa huru, iliyofanya kazi kutoka 1865 mpaka 1872; na katika madaftari ya benki yao ya akiba, iliyofunguliwa 1865 ikafungwa 1874. Makarani wa benki hiyo walimwuliza mweka fedha majina ya wazazi wake, ndugu zake na watoto wake, kusudi wamtambue yeye au warithi wake siku za mbele. Benki ilianguka na maskini wengi walipoteza akiba zao, lakini madaftari yale yamehifadhi majina ambayo hesabu ya serikali iliyaacha.

Umri wa Frederick Douglass

Faida ya kuziweka hati mbili pamoja huonekana vema katika kisa cha Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, akatoroka mwaka wa 1838, na kitabu chake cha kwanza cha maisha yake kikapigwa chapa Boston mwaka wa 1845. Humo alieleza kwamba hakuujua umri wake, na ya kuwa kutoujua kulimtia uchungu tangu utotoni. Kwa muda mrefu alikisia kuwa alizaliwa mwaka wa 1817. Mwaka wa 1877, akiwa mtu mashuhuri, alirudi kumwona Thomas Auld, aliyekuwa bwana wake, naye yu mgonjwa kitandani. Katika mazungumzo yao alimwuliza jambo hilo la umri.

Jawabu lilikuwamo katika daftari muda huo wote. Aaron Anthony, bwana wake wa kwanza, alikuwa ameandika majina ya watumwa wake pamoja na tarehe zao za kuzaliwa, na humo mtoto Frederick Augustus, mwana wa Harriet, ametajwa kuwa alizaliwa Februari 1818. Mwandishi Dickson Preston aliueleza ushahidi huo katika kitabu chake cha mwaka wa 1980, miaka themanini na mitano baada ya kufa kwake Douglass.

Mwanafunzi hupata hapa mafunzo mawili. Daftari la bwana lilikuwa sahihi kuliko kumbukumbu ya mtumwa kwa habari ya mwaka. Lakini daftari hilo haliwezi kueleza maana yake kwa mtoto kutoijua siku yake ya kuzaliwa, wala kwa nini bwana aliijua na mwenyewe hakuijua. Kwa habari hiyo shahidi ni Douglass.

Msemaji na Msikilizaji

Matangazo ya magazeti juu ya watoro yafaa sana darasani. Bwana aliyetaka mtoro wake akamatwe alilazimika kumweleza kama alivyo: makovu ya mijeledi mgongoni, ufundi wa useremala au uhunzi, ujuzi wa kusoma, na pengine ya kuwa huenda amekwenda kumtafuta mkewe aliyeuzwa wilaya nyingine. Hivyo mtu yule yule awezaye kudai kwamba watumwa wake waliridhika ameandika, kwa mkono wake na kwa fedha yake, ushahidi wa kumpinga.

Masimulizi ya mdomo nayo yahitaji kupimwa. Kati ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwatuma waandishi kukusanya khabari za wazee waliozaliwa utumwani, na masimulizi zaidi ya 2,300 yakapatikana. Katika mji wa Charleston, mwaka wa 1937, mama mmoja mzee, Susan Hamlin, aliulizwa mara mbili. Mwandishi mmoja alikuwa mwanamke mzungu, ambaye yule mama alimdhania kuwa ametoka katika ofisi ya misaada. Kwake alimsifu bwana wake. Mwingine alikuwa mwanamume mweusi; kwake alisimulia mapigo, na vilio vya mama waliouziwa watoto wao. Mwanafunzi asikimbilie kuliita simulizi moja kweli na jingine uwongo. Kwanza na aulize mzee maskini, katika miaka ile ya dhiki, angeweza kumwambia nani nini.

Hati Zilizofika Pwani

Hata msomaji wa Afrika ya Mashariki ana sehemu yake katika hati hizi. Marekani ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka wa 1833, na tangu 1837 ilikuwa na balozi mdogo Unguja. Barua na hesabu za wafanya biashara wa Salem zataja pembe za ndovu, sandarusi, na majora ya nguo ambayo watu wa pwani waliipa jina la merikani. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya kaskazini kwa pamba ya kusini, iliyochumwa na watumwa. Hesabu za jora zimo, bei zimo, jina la jahazi limo. Mchuma pamba hayumo.

Mwanafunzi aliyekwisha funzwa kuuliza maswali yale matatu hatapita mbele ya upungufu huo bila kuuona. Atauandika katika daftari lake, kisha atakwenda kuitafuta hati nyingine.