Dubu wa urefu wa kidole na jina la aliyemshona

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

TULIDHANI tumekosea mlango. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili yenye mvua, katika ukumbi wa mji mmoja wa katikati ya Uingereza, na ndani yake watu wazima, wengi wao wenye mvi, walikuwa wameinama juu ya meza wakitazama kwa vioo vya kukuzia kitu ambacho sisi kwa mbali hatukukiona kabisa. Tulipokaribia ndipo tukatambua kuwa ni dubu. Si yale madubu makubwa ya manyoya wanayopewa watoto siku ya kuzaliwa, bali ni dubu wadogo walioshonwa kwa mkono, wengine hawazidi urefu wa kidole cha mwisho, na kila mmoja ana macho, pua, masikio, na mikono na miguu inayozunguka.

Tulikwenda pale kwa mwaliko wa mama mmoja wa Kizanzibari ambaye amekuwa akiishi nchi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, kajitanda mtandio, na mbele yake dubu kumi na wanne wamepangwa juu ya kitambaa cheusi. Tulipotoa kalamu alituwahi: "Jina langu usiliandike, mwanangu. Andika kazi." Tukamkubalia, na sababu yake tutaieleza mbele.

Lakini kwanza, msomaji wetu, huenda unajiuliza imekuwaje mtu mzima akae usiku kucha anashona dubu wa kuchezea. Nasi tulijiuliza hivyo hivyo.

RAIS, MWINDAJI NA MUUZA DUKA

Dubu huyu ambaye Waingereza na Wamarekani wanamwita "Teddy" amepewa jina la Rais Theodore Roosevelt wa Marekani. Mwezi wa Novemba mwaka 1902 Roosevelt alikwenda kuwinda Mississippi. Aliyemwongoza porini alikuwa Holt Collier, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa na ambaye sifa zake za kuwinda dubu zilikuwa zimeenea jimbo zima. Collier alimpata dubu, akampiga, akamfunga kwenye mti ili Rais aje ampige risasi. Roosevelt akakataa, akisema si uungwana kumpiga mnyama aliyefungwa. Wanaosimulia kisa hiki kwa watoto huishia hapo. Ukweli ni kwamba dubu yule alikuwa ameumia vibaya, na Rais mwenyewe akaamuru amalizwe kwa kisu ili asiendelee kuteseka.

Mchoraji Clifford Berryman alilichora tukio hilo katika gazeti la Washington Post, na katuni ile ikapendwa mno. Kule Brooklyn, New York, muuza duka mmoja aitwaye Morris Michtom, Myahudi mhamiaji kutoka dola ya Urusi, akaiona. Yeye na mkewe Rose wakashona dubu wa kitambaa, wakamweka dirishani na kumwita dubu wa Teddy. Kutokana na dirisha lile ikazaliwa kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea.

Wakati huo huo Ujerumani, katika mji mdogo wa Giengen, kulikuwa na bibi aitwaye Margarete Steiff. Alizaliwa mwaka 1847, akapata polio angali mchanga, na maisha yake yote alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Alianza na tembo mdogo wa kitambaa wa kuchomekea sindano. Mpwa wake Richard ndiye aliyebuni dubu mwenye viungo vinavyozunguka, na katika maonesho ya Leipzig ya mwaka 1903 mnunuzi kutoka Marekani akaagiza dubu 3,000 kwa mpigo. Kuanzia mwaka 1904 kila mnyama wa Steiff akawa anatiwa kifungo cha chuma sikioni ili ajulikane ni wa nani. Kifungo hicho tukikumbuke, maana tutakirudia.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki tuna la kuongeza. Bwana huyu huyu aliyesifiwa kwa kumhurumia dubu mmoja, alipomaliza urais alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 na bunduki zake. Mpaka safari yake ilipokwisha mwaka 1910, kupitia Kenya, Uganda, Kongo na Sudan, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512 kwa hesabu yake mwenyewe, akisema ni kwa ajili ya makumbusho. Simba na tembo wetu hawakupata mchora katuni wa kuwasemea.

KAZI YA SINDANO

Katika ulimwengu wa wakusanyaji, dubu anahesabiwa mdogo akiwa chini ya inchi tano, yaani kama sentimita 12 na nusu. Lakini walio wengi katika ukumbi ule walikuwa sentimita tano, sita, na wengine pungufu ya hapo. Mtu asidhani kwamba udogo unapunguza kazi. Dubu wa mtindo wa kale, awe mkubwa kama mtoto au mdogo kama kidole, ana vipande vile vile ishirini na moja: vitatu vya kichwa, vinne vya masikio, viwili vya kiwiliwili, sita vya mikono pamoja na viganja, na sita vya miguu pamoja na nyayo.

Dubu wakubwa wa kale hushonwa kwa moheri, kitambaa cha nywele za mbuzi wa Angora. Wataalamu wa lugha wanasema jina hilo limetoka katika Kiarabu, mukhayyar, maana yake kilichochaguliwa, na mzizi wake ni ule ule uliotupa sisi neno hiari. Karibu nusu ya moheri yote duniani siku hizi inatoka Afrika Kusini. Kwa dubu wadogo nywele hizo mara nyingi ni ndefu mno, kwa hiyo mafundi wengi hutumia kitambaa chenye manyoya mafupi cha kufunikia makochi.

Mama yetu alituonesha hatua kwa hatua. Vipande huchorwa upande wa nyuma wa kitambaa, kila kimoja kikifuata mkondo wa manyoya, maana ukikosea hapo dubu atakuwa na manyoya yanayokwenda kinyume kama kuku aliyelowa. Mkasi uwe mdogo na mkali, na ncha yake ipite chini ili ikate kitambaa tu bila kukata manyoya. Kingo hupakwa gundi nyembamba zisifumuke, kwa sababu nafasi ya kushonea haifiki milimita tatu. Mshono ni wa mkono mwanzo hadi mwisho. Mashine haina pa kupita.

Kazi ngumu kuliko zote ni kugeuza. Mkono wa dubu ulioshonwa ni mwembamba kama kijiti cha kiberiti, na lazima ugeuzwe ili manyoya yatoke nje. Wanatumia koleo zile nyembamba za madaktari wa upasuaji. "Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa," alisema. "Umeshona saa mbili, ukivuta kwa hasira sekunde moja umechana."

Viungo hufungwa kwa visahani vidogo vya ngozi au kadibodi na uzi imara, ili kichwa, mikono na miguu izunguke. Ndani hujazwa pamba laini pamoja na vipira vidogo sana vya chuma, ili dubu akiwekwa kiganjani awe na uzito na asionekane kama manyoya matupu. Macho ni shanga nyeusi. Pua hudariziwa kwa uzi mwishoni, na hapo ndipo sura inapopatikana: mshono mmoja ukishuka kidogo dubu amenuna, ukipanda ametabasamu. Mama yetu alituambia aliwahi kufumua pua moja mara tisa.

ALIKOJIFUNZA

Hakujifunza darasani. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza ambaye ujana wake wote alishona dubu wadogo, lakini baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole hata kijiko kilimshinda. Usiku usingizi ukimkataa, bibi yule alikuwa akilalamikia dubu ambaye hakuwahi kummaliza. Mwenzetu akamwambia alete sindano.

"Aliniangalia kama ninayemtania," alisimulia. "Nikamwambia, bibi, mimi nimeshona kofia tangu nina miaka minane."

Na hapo ndipo penye siri yote. Msomaji aliyekulia Unguja anajua maana ya kushona kofia. Bulibuli nyeupe, iliyojaa vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, inaweza kumchukua mwanamke wiki nyingi, pengine miezi, akishona barazani baada ya kazi zake za nyumbani. Ndugu zetu wa Oman wanaijua kazi hiyo pia katika kuma zao. Mkono uliozoea kitundu cha bulibuli hauwezi kushindwa na sikio la dubu. Bibi yule alimwelekeza kwa mdomo, naye akashona kwa mkono, na dubu akamalizika. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Dubu huyo wa kwanza hauzwi, ingawa tuliona mkusanyaji mmoja akimbembeleza.

MFUKONI

Tuliwauliza wakusanyaji wanapata nini. Wengi walitujibu kwa lugha ya nafasi: nyumba zao ni ndogo, na kabati moja la kioo linatosha dubu mia. Walitufundisha pia namna ya kuwatunza: wasipigwe na jua, maana rangi hufifia, wakaguliwe nondo, na akishukiwa mmoja atiwe katika mfuko na kuwekwa kwenye friza. Fedha zipo pia. Mwaka 1994 dubu mmoja wa kale wa Steiff aliuzwa mnadani London kwa pauni 110,000. Hawa wadogo wa mafundi wa leo huuzwa kwa makumi ya pauni, na wa fundi mwenye sifa huvuka mia.

Lakini mzee mmoja alitujibu tofauti. Alisema dubu mdogo ni kitu cha kuondoka nacho. Akatukumbusha Lawrence Browning Rogers, mwanajeshi wa Kanada ambaye bintiye Aileen alimpelekea dubu wake mdogo vitani amlinde. Rogers aliuawa Passchendaele mwaka 1917, na dubu akakutwa katika vitu vyake, akarudishwa kwa familia. Leo yuko katika Makumbusho ya Vita ya Kanada, mjini Ottawa, hana macho wala miguu.

Sisi tulionyamaza tuliposikia hayo tulikuwa na sababu zetu. Aliyewahi kufunga mzigo kwa saa moja anajua ni vitu gani huingia mfukoni na ni vipi hubaki nyuma.

JINA

Si wote wanaomuunga mkono mama yetu. Wapo jamaa wanaomcheka kwamba uzee umemrudisha utotoni, na wapo waliomwambia kuwa anatengeneza masanamu. Yeye huwajibu kwa Hadithi ya Bi Aisha na wanasesere wake, nao humjibu kwamba ile ilikuwa ya watoto, na mjadala huendelea mpaka chai inapoa. Hukumu hiyo tunawaachia masheikh. Ndiyo maana hakutaka tumtaje. Si kwa aibu, bali kwa kuchoka.

Hata hivyo kuna jambo tuliloliona juu ya meza yake ambalo halikutuacha. Kila dubu, mgongoni, ameshonewa kipande cha utepe kisichozidi upana wa punje ya mchele mbili, na juu yake kuna jina la fundi. Kanuni za hapa zinataka pia ieleweke kwamba dubu wa aina hii ni wa wakusanyaji na si wa mtoto chini ya miaka 14, kwa ajili ya usalama. Lakini jina si kwa ajili ya kanuni. Ni desturi, kama kifungo cha Steiff. Mkusanyaji akishika dubu, kwanza humgeuza asome ni kazi ya nani, na akijua ni ya nani ndipo anapojua bei.

Tukamuuliza: bulibuli alizoshona ujanani, zilikuwa na jina?

Alicheka. "Nani aliweka jina kwenye kofia? Anakuja mtu wa duka, anahesabu, analipa anachotaka. Kofia inavaliwa Idi, inavaliwa harusini, inapelekwa Muscat. Wanasema kofia nzuri, ya Unguja. Nani kaishona, hakuna anayeuliza."

Hilo ndilo tunalotaka wasomaji wetu wa nyumbani walifikirie. Kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ambayo mshonaji wa mkono hawezi kushindana nayo. Hawezi kuishinda mashine kwa wingi wala kwa kasi. Anachoweza kuishinda ni kwa kitu ambacho mashine haina, nacho ni mtu. Hawa Waingereza na dubu wao wa sentimita tano wamelijua hilo kitambo: hawauzi manyoya na shanga, wanauza mkono unaojulikana. Bulibuli ina kazi kubwa kuliko dubu hawa, lakini imeachwa yatima.

Mama yetu hakuishia kwenye maneno. Amewaandikia watoto wa dada yake, ambao bado wanashona, kwamba kila kofia waitie jina kwa ndani. Walimjibu kuwa wateja watawacheka. Mwaka huu wamempelekea moja. Aliitoa mkobani akatuonesha: nyeupe tupu, na ndani ya ukingo, kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, herufi tano ambazo usipoambiwa huzioni.

"Wameona haya," alisema, "lakini wameandika."

Tukamuaga. Alitusindikiza mpaka mlangoni, na kabla ya kuachana akatuuliza kwa nini nasi siku zote tunaandika "Mwandishi Wetu" na hatuweki jina. Tukamwambia, Bi Mkubwa, sababu yako unaijua, na yetu pia unaijua. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye meza yake.