Daktari wa Mzazi na Mtoto

Wasikilizaji, katika nyumba za zamani za Kariakoo, Dar es Salaam, vyumba hupangana kando ya ukumbi mmoja, na wakubwa kwa wadogo hulala pamoja. Mtu mzima mwenye kifua kikuu akikohoa humo, mtoto alalaye karibu naye huvuta hewa ile ile. Mama humpeleka mtoto kwa daktari kwa kuwa anakonda na homa haimwishi. Lakini yule akohoaye hubaki nyumbani. Je, mtoto akipona leo, kesho hataambukizwa tena?

Si mbali na Kariakoo, huko Upanga, ipo Muhimbili, ambako madaktari hufundishwa. Mwanafunzi husoma miaka 5, kisha hufanya kazi mwaka 1 chini ya wakubwa wake. Akitaka ubingwa, huchagua maradhi ya ndani ya watu wazima, ama maradhi ya watoto. Kila njia ni miaka 3. Huko Marekani ipo njia nyingine, iliyokubaliwa mwaka 1967: daktari husomea yote mawili pamoja kwa miaka 4, akaweza kumtibu mama na mwanawe.

Elimu hizi ni mbili kwa sababu mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hata 20 kwa dakika. Mtoto wa miezi 6 akivuta mara 40 si ajabu. Zikifika 50, huenda mapafu yana ugonjwa. Dawa yake nayo hupimwa kwa uzito wake.

Walakini maradhi hayahesabu umri. Mtoto aliyezaliwa na selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, akitunzwa vema hukua, akaondoka kwa daktari wa watoto kwenda kwa daktari wa watu wazima. Hapo katikati kijana aweza kupotea, asihudhurie tena, hata siku ya maumivu makali.

Basi, daktari wa njia zote mbili akikosekana, ninyi ndio daraja. Umpelekapo mtoto, mwambie daktari ni nani akohoaye nyumbani, naye huyo aende akapimwe. Na kijana ahamapo kliniki, achukue cheti chake mkononi, aulize siku ya kurudi.

Kwaherini.