Mali bila daftari: mtungaji na kitabu chake cha kila siku

Kila nirudipo pwani kwa likizo kutoka Turkana, vijana wapendao kutunga huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, nataka kuandika lakini sina la kuandika. Nianzie wapi?" Huwajibu kwamba waanze na daftari. Si daftari la mashairi, wala la hadithi, bali kitabu cha kumbukumbu za kila siku, kile ambacho wasomi hukiita shajara na wengi wetu tumezoea kukiita dayari.

Baadhi yao huvunjika moyo, kwani walitaraji niwape siri ya vina na mizani. Wengine huona kwamba shajara ni desturi ya kigeni. Hilo si kweli hata kidogo. Wazee wetu wa biashara walisema mali bila daftari huisha bila habari, na waliyajua wayasemayo. Waswahili waliosafiri mbali nao waliandika waliyoyaona. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha habari za safari za Waswahili, na miongoni mwao alikuwamo Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 na akatueleza nchi ile kwa Kiswahili chetu. Na sisi ambao msahafu wetu una sura iitwayo Kalamu, tutatoa udhuru gani?

Mimi nayasema haya nikiwa Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, mji ulio kando ya mto Turkwel. Wakati wa ukoloni, serikali iliifanya nchi hii kuwa mahali pa kuwatupa watu ambao haikutaka sauti zao zisikike. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, huko kaskazini, kisha akawekwa hapa Lodwar tangu 1959 hadi 1961. Anayeishi mji huu hukumbuka mara kwa mara kwamba mtu aweza kuondolewa machoni pa wenzake, na kwamba kitakachobaki kwake ni yale aliyoyahifadhi.

Hata kwetu pwani kisa cha namna hiyo kipo. Kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu, waliletwa watu waliotiwa kizuizini baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Mmoja wao alikuwa mwandishi Gakaara wa Wanjau, ambaye aliandika shajara yake kwa siri, kwa Kikikuyu. Ilichapishwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma. Naye mshairi wetu wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alipofungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, alitunga kwa siri juu ya karatasi za msalani. Mashairi hayo yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakatunukiwa Zawadi ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Watu hawa hawakungoja kupata nafasi, meza na taa nzuri. Waliandika jambo lingali moto, nalo halikuwapotea.

Waama, hii ndiyo faida ya kwanza ya shajara. Akili ya binadamu huhifadhi mambo makubwa na kuyaacha madogo, na utunzi mzuri hujengwa kwa hayo madogo. Sote twajua kusema kwamba ukame ni mbaya. Lakini nani akumbukaye sauti ya kopo likikwaruza mchanga?

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, upande wa kaskazini-magharibi, uko mji wa Kakuma, na kando yake wapita mto Tarach. Nasema wapita, ingawa sehemu kubwa ya mwaka mto huo ni mchanga mtupu. Watu hushuka mtoni na kuchimba visima kwa mikono, wakateka maji yanayochuruzika chini. Siku moja nilipofika huko niliandika maneno haya tu: "Alasiri. Mama ndani ya shimo, kichwa chake tu chaonekana. Kopo la mafuta ya kupikia. Mtoto ameshika dumu, hasemi. Kopo moja, ngoja, kopo jingine." Halikuwa shairi. Mtu mwingine angeliona si kitu.

Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nikisoma daftari, na yale maneno "ngoja, kopo jingine" yakanishika. Nikaona kwamba mama yule alikuwa akifanya kazi ile ile aifanyayo mtungaji. Hapo ukazaliwa ubeti huu:

Mto huu hauneni, mchanga umeujaa,
Chimba chini, chini, chini, usichoke ukakaa,
Maji yako mchangani, kopo moja litafaa,
Neno limo kitabuni, jana ulilolitwaa.

Siutoi hapa ili nisifiwe. Mabingwa wa Mvita na Lamu watautia makosa yake. Nautoa ili msomaji aone njia iliyopitwa. Kopo lilitoka daftarini, ukimya wa yule mtoto ukawa ukimya wa mto, na vina vikaja mwisho. Lau ningalianza na vina, ningaliandika habari za ukame kama zilivyokwisha kuandikwa mara mia.

Hapo Kakuma pana jambo jingine la kutufunza. Tangu mwaka 1992 pamekuwa na kambi ya wakimbizi, ambayo wa kwanza kukaa walikuwa vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu hadi Ethiopia, kisha wakakimbia tena mpaka Kenya. Baadaye walikuja Wasomali, Wakongo, Warundi na wengineo, na tangu 2016 makao mengine yamejengwa Kalobeyei. Ukizijumlisha sehemu zote mbili, wakaazi wamezidi laki mbili. Mtu angedhani kwamba wenye shida hizo hawana haja na kalamu. La hasha! Mwaka 2008 wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao liitwalo Kanere. Na Benson Deng, Alephonsion Deng na Benjamin Ajak, walioishi kambini humo utotoni, walitoa mwaka 2005 kitabu cha kumbukumbu zao baada ya kuhamia Marekani.

Nami nimezungumza huko na kijana mmoja kutoka Kongo ambaye ana daftari la shule lililochakaa. Kurasa zinazohusu siku waliyotoka kwao hamwonyeshi mtu, wala mimi sikumwomba. Ila alinisomea mstari mmoja: kwamba walipoondoka, maharagi yalikuwa motoni na hayajaiva. Kutokana na mstari huo ameandika hadithi fupi ya chungu kilichobaki jikoni peke yake, kikawangoja wenyewe mpaka maji yakakauka. Hakuna bunduki ndani ya hadithi hiyo, wala maiti. Lakini aliponisomea nilinyamaza. Nikamsihi asilibadili neno lake "maharagi" likawa "maharagwe" ili kutupendeza sisi wa pwani, maana ndilo neno lililotoka katika jiko lile.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo watu wa dini wameniuliza, nayo ni hoja nzito. Je, mtu aandikapo kila usiku habari za jirani, za mke, za wazazi, si kusengenya huko? Na siri ya mtu si amana? Jibu langu ni kwamba kalamu ina adabu kama ulimi. Mambo mtu aliyokuambia kwa sitara hayafai kuandikwa ovyo kwa jina lake, na daftari si la kuachwa barazani. Na hapa ndipo utunzi unapotusaidia. Kijana yule wa Kongo hakumfedhehesha mtu, hakuuza machozi ya mama yake, lakini alisema kweli. Alichukua chungu na kuwaacha watu katika heshima zao. Shajara huhifadhi kilichotokea. Hadithi hukivika nguo kabla hakijatoka mlangoni. Anayeichapa shajara kama ilivyo huenda akaivunja amana. Anayeichimba akatoa humo mbegu, kisha akaipanda kwingine, amepata fasihi na sitara pamoja.

Basi kwa anayetaka kuanza, namna yangu ni hii. Nunua daftari la kawaida la shule, lisiwe la fahari hata ukaogopa kulichafua. Chagua wakati mmoja usiobadilika. Mimi hupendelea baada ya sala ya isha, joto la Lodwar linapopungua kidogo. Tia tarehe na mahali. Andika kitu kimoja ulichokiona, kimoja ulichokisikia kwa maneno yake yale yale, na kimoja ulichokinusa au kukigusa. Mistari mitano yatosha. Usiandike tu kwamba ulihuzunika. Andika ulichokuwa ukikitazama wakati huzuni ilipokuja.

Tumia ukurasa wa kulia peke yake, na wa kushoto uuache wazi. Kila mwisho wa mwezi, pengine kila mwezi uandamapo, kaa ulisome daftari lote. Pale ambapo moyo utagutuka, andika upande wa kushoto swali moja: ingalikuwaje? Ingalikuwaje kama yule mtoto angalisema? Ingalikuwaje kama chungu kingalisikia hatua mlangoni? Swali hilo ndilo daraja kati ya kumbukumbu na utunzi. Zipo kurasa nyingi ambazo hazitakupa chochote, nazo usizichane. Mchanga wa juu huondolewa kwanza.

Enyi vijana wa Mvita, wa Lamu, wa Vanga, wa Tanga na Unguja, msidhani kwamba kwa kuwa mwaona bahari kila siku hamna la kusimulia. Bandari zenu zabadilika, maneno ya manahodha na mafundi wa majahazi yazikwa pamoja na wenyewe, na nyanya zenu wana hadithi ambazo mwakani huenda msiwe na wa kumwuliza. Wakimbizi wa Kakuma waliziacha nyumba zao kwa saa moja, nao leo wakusanya mstari kwa mstari kilichosalia. Ninyi mngali mmekaa barazani kwenu, na wenye habari mnao ubavuni. Anzeni usiku wa leo, mistari mitano tu, kabla ya kulala.