Mkuzo wa Kwanza

Msomaji wetu wa Utemini, mjini Singida, anasema kwaya yao imenunua miksa mpya, lakini spika zinatoa "shhh" ileile ya zamani hata pasipo mtu kuimba. Anauliza kama wameuziwa feki. Sidhani. Nahisi geini iko chini na amplifaya imefunguliwa hadi mwisho.

Nyaya na plagi nawaachia mafundi mitambo, wanazijua. Mimi nakitaka kile kitufe cha kuzungusha kilicho juu kabisa ya kila chaneli, yaani geini.

Umeme wa maiki ni mdogo mno. Maiki ya Shure SM58, iliyopo sokoni tangu 1966, hutoa takriban milivolti 2 kwa sauti ya desibeli 94, ilhali miksa inafanya kazi vizuri kwenye volti 1 hivi. Lazima ukuzwe mara mia kadhaa. Na hauji peke yake: mwaka 1928 watafiti John B. Johnson na Harry Nyquist walionyesha kwamba joto la kawaida tu huzifanya elektroni zihangaike na kuzaa umeme wa vurugu. Kwa maiki kama hii ni takriban milivolti 0.0002, kiasi ambacho kanisani hakuna atakayekisikia. Shhh ya Utemini inazaliwa mbele zaidi, kwani kila hatua ndani ya miksa huongeza vurugu yake.

Chukua mfano wa mkulima wa alizeti mwenye konzi moja ya mbegu safi, na ghalani kuna konzi ya mbegu za magugu. Akipanda kwanza, akavuna magunia, ndipo akaingia ghalani, magugu yale yatapotelea humo. Lakini akianzia ghalani, mbegu zikachanganyika, kisha akaenda shambani, mvua haichagui: alizeti itaota na magugu yataota, na mavuno yatakuwa nusu kwa nusu. Shamba ni lilelile, mvua ileile, mbegu zilezile. Kilichobadilika ni kipi kilitangulia. Kwenye miksa, shamba ni ukuzaji na ghala ni vurugu ya hatua zake. Na humo hakuna palizi, maana vurugu ikishachanganyika na sauti, kila ukuzaji unaofuata unavikuza vyote viwili sawasawa.

Harald Friis, mhandisi mzaliwa wa Denmark, aliliwekea jambo hili hesabu mwaka 1944 akishughulikia vipokezi vya redio. Vurugu ya kila hatua hugawanywa kwa ukuzaji wote ulioitangulia. Uzuri ulioje! Geini ikikuza mara 500, vurugu ya hatua inayofuata inabaki sehemu moja ya 500. Ndiyo maana geini ningependa iitwe mkuzo wa kwanza.

Basi, shusha amplifaya kwanza. Mwite mwimbaji mwenye sauti kubwa kuliko wote, aimbe pale anapopaza, siyo "heloo, heloo" ya majaribio. Bonyeza PFL, kitufe cha kupima sauti ya chaneli kabla ya feda, pandisha geini mpaka taa za kijani zijae na ya njano ichungulie anapopaza. Nyekundu isiwake, kwani hapo kilele cha sauti kinakatwa. Feda, kile cha kusukuma juu na chini, iwe kwenye 0. Chaneli zisizo na mtu zifungwe. Maiki ikipiga yowe, isogeze mbali na spika.

Sasa pandisha amplifaya taratibu mpaka kanisa litosheke. Itasimama chini sana ya pale ilipokuwa, na shhh itashuka nayo, kwa sababu ilikuwa ikizaliwa baada ya geini na kukuzwa na amplifaya.