TUSIDHARAU MAHARAGI NA DONGODONGO

Wandugu wanafunzi, nani kati yetu hajasikia sauti hii wakati wa kula: «Maharagi tena?» Wengine wanasukuma sahani kando na kungoja mikate ya kukaanga ya barabarani. Leo tueleze kazi ambayo sahani ile inafanya ndani ya damu.

Kwanza, kolesteroli ni nini? Ni aina ya mafuta ambayo maini yenyewe yanatengeneza, na mwili unayahitaji. Lakini ile inayoitwa LDL ikizidi katika damu, inashika ndani ya kuta za mishipa. Polepole njia ya damu inakuwa nyembamba, halafu siku moja inaziba. Ikiziba moyoni, mtu anaweza kufa palepale. Ikiziba kichwani, anaweza kupooza upande mmoja. Mbele ya siku ile, mara nyingi hasikii maumivu. Njo maana ni adui wa hatari.

Maharagi yanaingia wapi? Chakula cha shamba kina nyuzi, maana yake sehemu ambayo tumbo haliwezi kusaga. Nyuzi zingine haziyeyuki majini, kama zile za ganda la mahindi. Hizo zinasaidia choo. Zingine zinayeyuka na kuwa nzito kama uji. Kata dongodongo, utie majini: ule utelezi unaovutika ni mfano wake. Nyuzi za namna hiyo ziko pia katika maharagi, mapera na machungwa.

Sasa angalia kazi yake. Maini yanachukua kolesteroli na kutengeneza nyongo, ambayo inasaidia kusaga mafuta. Kwa kawaida, karibu nyongo yote inanyonywa tena katika matumbo na kurudi kwenye maini. Lakini utelezi ukiwa mle ndani, unashika sehemu ya nyongo na kuitoa pamoja na choo. Ni kama muuzaji wa limonadi: chupa tupu zisiporudi, lazima atoe zingine katika depo. Depo ya maini ni damu: yanavuta kolesteroli humo ili kutengeneza nyongo mpya, na ile ya damu inapungua.

Habari hii ya nyuzi ilianzia karibu na sisi. Waganga wawili, Hugh Trowell na Denis Burkitt, walitibu watu Uganda miaka mingi. Waliona kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo, uliojaa Uingereza, ulikuwa haba sana kwa wanakijiji waliokula vyakula vya shamba. Mwaka 1972 Trowell aliandika kwamba nyuzi zinaweza kuwa sababu moja. Lakini kuona si kuhakikisha, kwa kuwa wanakijiji wale walitembea pia sana na kula mafuta kidogo. Ilipasa kujaribu. Mwaka 2014 wataalamu walikusanya majaribio mengi: kula maharagi au jamaa zake kila siku, gramu 130 hivi, kulishusha LDL karibu 5 kwa mia.

Tano kwa mia si muujiza. Mgonjwa aliyepewa dawa na munganga asiiache kwa sababu ya maharagi. Tena tusizamishe sahani katika mawese: hayana kolesteroli, ni kweli, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha LDL. Mkono wa kuume unashusha, wa kushoto unapandisha! Na asiyezoea aanze kidogo kidogo, anywe maji, ama tumbo litajaa hewa na jirani zake darasani watajua.

Mishipa inaanza kuchafuka katika ujana, si katika uzee. Kwa hiyo, sahani ikifika mezani, neno «tena?» tuliache. Tuseme: «Ongeza!»