Kijana Mwenye Kunyamaza



Tuseme katekista wa Shituru anaona kwamba kijana mumoja wa kikundi chake amebadilika. Ana miaka kumi na sita. Mbele alikuwa anaimba katika koro na kucheza mupira. Sasa anaketi nyuma, haimbi tena. Usiku halali, bukari haimalizi, na masomoni amekuwa wa mwisho. Baba anasema: ni uvivu. Shangazi anasema: wamemuloga. Mutu mumoja wa sala anasema: ana pepo, afunge siku tatu. Kila mutu ana jibu lake, lakini hakuna hata mumoja aliyemuuliza kijana mwenyewe. Ni juu ya jambo hili tunataka kusema.

1. Mahali anapokomaa

Kwanza tuangalie anakaa wapi. Kiwanda cha shaba cha Shituru, katika muji wa Likasi, ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni, kilianza kazi mwaka 1929. Kompani ya Union Minière iliwapa wafanyakazi nyumba kambini, posho na lopitali, na watoto wao walifundishwa katika masomo ya misioni. Hatusemi kwamba siku zile zote zilikuwa njema, maana kompani ilitawala maisha ya mutu mpaka ndani ya nyumba yake. Lakini mutoto alijua kesho yake: atasoma, kisha ataingia kazini kama baba yake.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya Serikali, na kompani iliyotoka humo ndiyo Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka. Mwaka 1994 haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Katika miaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, na jamaa nyingi zilikaa kwenye kituo cha gari la moshi cha Likasi zikingoja kuondoka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa kupewa malipo ya mara moja.

Kijana wetu hakuyaona mambo hayo, lakini anaishi ndani yake. Babu yake alikuwa na kazi na nyumba ya kambi. Baba yake alikomaa wakati mishahara ilipokatika, naye hapendi kusema habari za siku zile. Mama anauza sokoni. Kaka yake anachimba mawe na kunywa lutuku. Tena telefoni inamuonyesha kijana kila usiku nyumba na nguo za watu wa mbali, na ndani yake wenzake wanaweza kumucheka mbele ya watu wengi. Basi tusishangae moyo wake ukichoka.

2. Ni ugonjwa wa kweli

Huzuni ya siku mbili tatu si ugonjwa. Lakini ikiwa imepita juma mbili, na kijana hafurahi tena kwa jambo lolote, halali, hali, anakimbia rafiki zake na kusema kwamba yeye si kitu, hapo tujue kwamba ni mugonjwa. Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu kwamba, kati ya vijana saba wenye miaka 10 mpaka 19, mumoja ana ugonjwa fulani wa akili. Tena linasema kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya kufa kwa watu wa miaka 15 mpaka 29. Kwa hiyo maneno haya hayahusu Wazungu peke yao.

Mutu aweza kuuliza: je, si upungufu wa imani? Tumutazame nabii Eliya katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Aliketi chini ya muti jangwani, akaomba afe. Mungu hakumukaripia. Malaika alimupa mukate na maji, akamuacha alale tena, akamupa chakula mara ya pili. Ni nyuma tu, mulimani, ndipo Mungu alimuuliza anafanya nini pale, akamusikiliza, kisha akamupa kazi. Sisi mara nyingi tunaanza na makaripio, na chakula hatukifikirii.

3. Tufanye nini?

Neno la kwanza ni kusikiliza. Uketi naye mahali ambapo watu wanawaona, lakini hawasikii maneno. Usimukate. Usimwambie kwamba wengine wanateseka kuliko yeye.

Neno la pili ni kuuliza waziwazi: «Je, umefikiri kujiua?» Wengi wanaogopa kwamba swali hili litamutia wazo hilo. Sivyo. Waganga wanatufundisha kwamba kijana mwenye kuulizwa kwa upole anapumua, kwa sababu sasa hauchukui muzigo peke yake.

Neno la tatu: akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo. Atafutwe mukubwa mumoja anayemuamini, na sumu, dawa na kamba ziondolewe karibu naye.

Neno la nne ni kumufikisha kwa munganga. Tuanze na lopitali ya karibu; na kule Lubumbashi kuna kituo Joseph Guislain cha Mafurere wa Mapendo, wenye kutunza wagonjwa wa akili. Tusimufunge kamba wala kumunyima chakula. Tusali naye, ndiyo, lakini sala isichukue nafasi ya dawa, wala dawa isichukue nafasi ya sala.

4. Kwa waungamishi

Kijana akisema katika kitubio kwamba anataka kufa, padri atafanya nini? Siri ya kitubio haivunjwi hata kwa sababu hiyo. Kanuni 983 yaikataza kabisa. Lakini padri aweza kumuomba kwa mapendo arudilie maneno yale inje ya sakramenti, au akubali kwenda pamoja naye kwa mutu wa kumusaidia. Waseminari wajifunze jambo hili mbele ya kupewa daraja, si siku ile ya hatari.

Tena tusiwatishe wafiwa. Sheria ya Ekleziya ya 1917 iliwanyima maziko waliojiua kwa kusudi. Sheria ya 1983 haiwataji tena kati ya wenye kunyimwa. Na Katekismo ya 1992, namba 2282 na 2283, yafundisha kwamba kujiua ni neno zito, lakini uchungu mukubwa na ugonjwa wa akili hupunguza hatia, wala tusikate tumaini juu ya wokovu wao.

Wewe museminari nawe ni kijana. Ikiwa moyo wako umechoka, pengine unaogopa kwamba ukisema, wakubwa watakurudisha nyumbani. Wakubwa, tuwaonyeshe kwamba mwenye kusema ukweli hatafukuzwa kwa sababu ya kusema.

Tarehe 2 Februari 2023, kule Kinshasa, Papa Fransisko aliwapa vijana na wakatekista mafundisho kwa vidole vitano: sala, umoja na wengine, unyofu, musamaha, na kutumikia. Kidole kimoja hakishiki jembe. Turudi basi kwa kijana wetu wa Shituru. Jumapili ijayo, misa ikiisha, katekista asimuache aondoke peke yake. Amuulize amekula nini, amelala namna gani. Kisha anyamaze, amungojee ajibu.